Watoto huhesabu vidole

Kuna binti mmoja mdogo, sidhani kama alikuwa amefika hata miaka sita, aliwahi kunisimamisha katikati ya kusoma. Nilikuwa nimekaa chini na watoto kama ishirini hivi, nawasomea kitabu nilichokichora mwenyewe, stori ya zimwi linaloishi kisimani na linaogopa mwanga wa mwezi, na nilikuwa nimefika pale patamu kabisa ambapo zimwi linatoa mkono nje ya kisima kumsaidia mtoto aliyedondosha ndoo. Binti akanyanyuka, akaja mpaka mbele, akaweka kidole chake juu ya karatasi, akahesabu kimyakimya midomo ikicheza, alafu akasema, "Anti, hapa lina vidole vinne." Mama yake akamwita kutoka nyuma, we njoo ukae, mwache anti asome. Lakini hakuwa anasumbua. Akafunua mwenyewe ukurasa wa nyuma yake, akaweka kidole tena. "Hapa vitano. Kimoja kimeenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Kitabu kile kilipita kwa mwandishi, kwa mhariri, kwa mtu wa kupanga kurasa, mimi mwenyewe nilikaa nacho karibu miezi saba, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyehesabu vidole. Watoto wengine wakaanza kuchangia: kimeliwa na samaki, kimebaki kisimani, hapana limekikunja tu. Mmoja akasema zimwi limezeeka, vidole vimeanza kudondoka. Stori ikageuka ikawa ya kidole, na mimi nikamalizia kusoma huku nimeshajua kwamba kwa wale watoto zimwi lilikuwa kiumbe kweli, lina mwili, na mwili haupotezi kidole hivihivi kati ya ukurasa wa 11 na wa 13.

Naandika haya kwa sababu kila nikisema kazi yangu ni kuchora mazimwi na majoka na vitabu vya watoto naambiwa maneno yaleyale, ah wewe una raha, unachora chochote kinachokujia kichwani, nani atakwambia umekosea wakati hicho kitu hakipo? Na mwanzoni na mimi niliamini hivyo, tena niliingia kwenye hii kazi kwa sababu hiyo hasa. Nilikuwa na madaftari yamejaa majoka tangu shule ya msingi na nikadhani uzuri wa fantasia ni kwamba hakuna wa kukusahihisha. Imenichukua miaka mingi kuelewa kuwa ni kinyume chake. Ukichora mbuzi vibaya, msomaji mbuzi anamjua, atajazia mwenyewe pale ulipokosea. Ukichora kitu ambacho hakijawahi kuwepo hana pa kujazia, anachokijua ni kile tu ulichompa kwenye karatasi, ukiteleza hapo basi kiumbe kizima kinamfia mkononi.

Chukua bawa la joka. Picha yangu ya kwanza kulipwa ilikuwa joka la mchezo wa karata, picha moja tu, ndogo, na nilijitolea kwa kila kitu nilichokuwa nacho, magamba moja moja, moshi, macho mekundu. Msimamizi wa picha akairudisha na swali moja: likitaka kuruka nguvu za kuvuta mabawa linazitoa wapi? Nilikasirika siku mbili nzima. Siku ya tatu nikaanza kutafuta picha za popo, na mpaka leo hiyo naihesabu kuwa ndo siku niliyoanza kazi, ile ya kulipwa haikuwa yenyewe.

Popo ni mkono. Ukitazama mifupa yake unaona kabisa: bega, kiwiko, kifundo, alafu kidole gumba kifupi chenye ukucha kimebaki nje, na vidole vinne virefu mno vimetandazwa kama mbavu za mwavuli, ngozi imewambwa katikati yake mpaka ubavuni na mpaka mguuni. Mimi nilikuwa nimechora bawa kama pazia limeshonwa mgongoni. Halina kiwiko, halina msuli, halina pa kuanzia. Alafu nikaangalia ndege, nikaona kidari chake kina ule mfupa uliochongoka mbele kama chini ya jahazi, na nyama nene yote ya kupigia mabawa imeshika hapo. Sasa joka la miguu minne na mabawa mawili lina viungo sita, na hakuna mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo mwenye viungo sita, kwa hiyo inabidi wewe mchoraji uamue: bega la pili unaliweka wapi? Ukiliweka juu kabisa linagombana na bega la mguu wa mbele. Ukilirudisha nyuma sana joka linakuwa kama limebeba begi. Nilichora kama mara arobaini. Mwisho nikalishusha kifua kikawa kirefu kwenda chini, nikaweka bega la bawa nyuma kidogo ya lile la mguu, ngozi nikaipitisha mwanga kwa nyuma ili mishipa ionekane, kama sikio la mbuzi jua likiwa upande wa pili. Nikatuma. Ikapita, na lile swali halikurudi tena.

Na majitu ni hivyohivyo. Kwa muda mrefu nilichora jitu kwa kumchora mtu wa kawaida alafu naweka nyumba ndogo miguuni pake, na kila mara linaonekana mtu wa kawaida amesimama karibu na nyumba za kuchezea. Kumbe Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, alishaliandika hili mwaka 1638. Ukimkuza kiumbe mara mbili kila upande, uzito wake unaongezeka mara nane lakini eneo la mfupa unaoubeba, ukiukata katikati, linaongezeka mara nne tu, kwa hiyo mnyama mkubwa hawezi kuwa mnyama mdogo aliyekuzwa, lazima mifupa inenepe zaidi ya hapo. Ndo maana tembo miguu yake imenyooka kama nguzo na swala miguu yake ni vijiti. Siku hizi jitu langu lina vifundo vinene, halikunji magoti ovyo, na likitembea udongo unabonyea chini ya kisigino. Mtoto hajui habari za Galileo, ila akiona udongo umebonyea anaamini.

Mtu aliyenifundisha hili zaidi ya wote sijakutana naye, alikufa zamani sana. Arthur Rackham, Mwingereza, kazaliwa London mwaka 1867. Ukitazama picha zake, ile miti yenye nyuso, mizizi kama vidole vya bibi kizee, vibwengo vimejificha chini ya majani, unadhani huyu alikuwa mtu wa kuishi ndotoni. Alikuwa karani. Kuanzia 1885 mpaka 1892 alikuwa anafanya kazi kwenye ofisi ya bima ya moto, Westminster Fire Office, mchana yupo na makaratasi ya bima, jioni anaenda darasani Lambeth School of Art. Miaka saba hiyo. Na alipouacha ukarani hakuingia kwenye vibwengo moja kwa moja, aliingia kwenye magazeti, anachora habari na matukio ya mjini, anachora watu jinsi wanavyosimama na jinsi koti linavyokunjika kwenye kiwiko. Kitabu kilichompaisha hasa, Rip Van Winkle chenye picha 51 za rangi, kilitoka mwaka 1905. Yaani tangu siku anaanza jioni zake za darasani mpaka hapo ni miaka ishirini. Huwa naikumbuka hiyo hesabu kila ninapopata ujumbe wa kijana anayeniuliza amechora mwaka mzima mbona hajapata kazi ya kitabu.

Miti yake ni miti kweli kwanza. Ukiziba uso kwa kidole gumba, kinachobaki ni mti aliokaa akautazama, unaujua hata gome lake. Ule uso ameuokota kwenye mafundo yaliyokuwepo tayari. Nimejaribu kufanya vilevile na nikagundua kwamba siwezi kuanza na uso, lazima nianze na mti, niuchore vizuri mpaka mwisho kama vile nachora kitabu cha mimea, alafu nisubiri. Kuna mti nimewahi kuuchora siku nne na uso haukuja, nikauacha ukawa mti tu, na kwenye kile kitabu ndo ukurasa ambao watu wananiambia wanahisi kuna mtu anawatazama.

Jambo lingine kwake ambalo watu hawalisemi sana ni kwamba alikijua kiwanda. Wakati wake picha za rangi zilikuwa zimeanza kuchapwa kwa namna mpya, picha inapigwa kamera mara tatu kupitia vichujio vya rangi, inavunjwa kuwa nukta ndogondogo, alafu rangi tatu zinachapwa moja juu ya nyingine. Ilihitaji karatasi laini ya kung'aa, kwa hiyo picha zilichapwa peke yake na kubandikwa ndani ya kitabu kwa mkono, na kikaratasi chepesi juu yake. Rangi zikihama kidogo tu picha inakuwa ukungu. Rackham alikuwa anachora kwa penseli, anapita na wino, alafu anapaka rangi za maji nyepesi tabaka juu ya tabaka, kahawia, kijivu, manjano ya kufifia, na ule mstari wa wino unashikilia umbo hata kama rangi zitayumba. Watu wanasema ni mtindo, sawa ni mtindo, lakini ni mtindo wa mtu anayejua kitakachotokea mashineni.

Mimi hilo sikulijua na nililipia. Kitabu changu cha pili kilikuwa na ukurasa wa msitu usiku, nimeuchorea kwenye tableti, bluu juu ya bluu, na ndani ya giza nimeficha wanyama kumi na mmoja, mmoja kwa kila mwaka wa yule mtoto wa kwenye stori. Kwenye kioo ulikuwa unang'aa, kwa sababu kioo kinatoa mwanga wake chenyewe. Karatasi haitoi mwanga, inarudisha tu ule inaoupata, na wino wa mashine ni nne tu, samawati, majenta, njano na nyeusi. Zile bluu zangu za kina zote zikaanguka mahali pamoja. Maboksi yalipofika nikafungua, nikaenda moja kwa moja ukurasa wa 18 na 19, na kilichokuwepo ni weusi na jicho moja la bundi. Wanyama kumi wamezama. Tangu siku hiyo sipitishi ukurasa wowote wa usiku bila kuuchapa kwanza na kuutazama kwenye mwanga hafifu wa kitandani, maana vitabu vya watoto vingi husomwa hapo, na usiku nauchora kwa kuanza na mwanga: ni nini kinachomulika, kiko wapi, kinaishia wapi.

Tuongee kuhusu kurasa kidogo kwa sababu hapa ndipo kuchora kitabu kunapotengana na kuchora picha. Kitabu cha picha cha kawaida kina kurasa 32, na sababu yake ni karatasi: shiti kubwa likichapwa pande zote na kukunjwa linatoa kurasa 16 au 32 bila kubaki na vipande vya kutupa. Ukitoa ukurasa wa jina na wa hakimiliki na vitu kama hivyo unabaki na nafasi kama 12 mpaka 14 za kurasa pacha, yaani kurasa mbili zinazotazamana. Hizo ndo stori yako yote. Naanza na vijipicha vya ukubwa wa stempu, vyote kwenye karatasi moja, hapo sichori sura ya mtu, naweka tu wapi pazito na wapi peupe. Alafu nakata karatasi, nakunja, nashona kitabu cha mfano, nakaa nacho nakifungua na kukifunga. Kuna kitu hakionekani mpaka ufungue kwa mkono, nacho ni kile kinachotokea kati ya ukurasa na ukurasa. Mtoto kabla hajafungua anakisia. Ukimpa kwenye ukurasa huu kivuli tu cha mkia, ule mkono wake unaokwenda kufungua tayari una hofu ndani yake. Na pale katikati kitabu kinaposhonwa usiweke uso wa mtu hata siku moja, unamezwa.

Sijawahi kuona mtu anayetumia kurasa kama Maurice Sendak kwenye kile kitabu chake cha 1963, Where the Wild Things Are, cha mtoto anayesafiri kwenda kwa viumbe vya porini. Picha inaanza ndogo imezungukwa na weupe mwingi, na kadiri mtoto anavyozidi kuzama kwenye mawazo yake picha inakua, inakula weupe, inavuka katikati, inakula na sehemu ya maneno, mpaka inafika kurasa pacha tatu mfululizo hazina neno hata moja, ni kucheza tu na kupiga kelele. Alafu inaanza kupungua. Ukurasa wa mwisho hauna picha kabisa, una sentensi fupi. Nilikitazama mara nyingi nikiwa mtoto bila kuona hilo. Nilikuwa nahisi tu kama chumba kinapanuka.

Na asili yake naipenda sana. Sendak alitaka kitabu kiwe cha farasi wa porini, akaanza, akagundua hawezi kuchora farasi. Ikabidi farasi wawe viumbe tu, kitu chochote ambacho mkono wake unaweza, na alipotafuta sura zao akakuta anachora ndugu zake watu wazima, wale wajomba na mashangazi waliokuwa wanakuja nyumbani kwao Brooklyn alipokuwa mdogo, wanamwinamia, meno makubwa, wanamfinya mashavu. Kwa hiyo hata yale mazimwi yana mizizi kwenye kitu alichokiona kwa macho yake, tena kwa karibu sana, puani kabisa.

Sasa pesa, maana ni kazi. Kwa kawaida ukichora kitabu unapewa malipo ya awali, na hayo malipo ni mrabaha wako, ile asilimia yako ya mauzo, umetangulizwa, yaani kitabu kikianza kuuza hupati kitu mpaka asilimia yako ifidie kile ulichokwisha kuchukua. Asilimia yenyewe mara nyingi mnagawana na mwandishi. Vitabu vingi havifiki hapo pa kufidia. Ndo maana wengi wetu tunafanya na majalada, karata, michoro ya michezo ya kompyuta, tunafundisha. Sioni aibu kwa hilo. Alan Lee, ambaye wengi wanamjua kwa milima na minara ya kwenye filamu za The Lord of the Rings na alipata tuzo ya Oscar mwaka 2004 kwa kazi hiyo, kabla ya hapo alishachukua medali ya Kate Greenaway, tuzo ya Uingereza ya wachoraji wa vitabu vya watoto, kwa kitabu cha watoto cha vita vya Troy. Ni mkono uleule, penseli ileile.

Ila kuna karatasi moja ningependa kila anayeanza aisome polepole, nayo ni mkataba. Nilipokuwa na miaka ishirini na tatu nilimchorea mchapishaji mmoja kijitabu chenye jini dogo la mtoni, limevaa jani kama kofia na masikio yamelegea, nikalipenda mno. Mkataba ulikuwa na mstari unaosema haki zote, kwa njia zote zilizopo na zitakazobuniwa, kwa muda wote. Nikasaini kwa furaha, nilikuwa naogopa wakisikia nauliza maswali watampa mtu mwingine. Malipo yalikuwa ya mara moja. Kama miaka mitatu baadaye nikiwa kwenye foleni nikaona mtoto mbele yangu amevaa begi mgongoni lenye jini langu, jani lake, masikio yake, limechorwa upya na mtu ambaye hakujua kwamba lina mkono wa kushoto mfupi kidogo kuliko wa kulia. Likawa kwenye chupa za maji, kwenye vifuniko vya madaftari. Niliandika, nikajibiwa kwa heshima kwamba nisome kile nilichosaini. Kisheria walikuwa sahihi. Kilichoniuma kuliko pesa ni ule mkono, kwamba kiumbe wangu anatembea duniani na mkono usio wake na siruhusiwi kumrekebisha.

Beatrix Potter, mwandishi na mchoraji wa Uingereza, alikuwa ameliona hili zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Yule sungura wake Peter alianza kwenye barua aliyomwandikia mtoto mgonjwa mwaka 1893. Wachapishaji kadhaa walimkatalia, akachapisha nakala 250 kwa pesa yake mwenyewe Desemba 1901, na mwaka 1902 ndo kikatoka rasmi kwa Frederick Warne. Mwaka uliofuata tu, 1903, alikuwa ameshamshona mwanasesere wa Peter kwa mkono wake na kumsajili. Marekani kitabu hakikuwa kimesajiliwa hakimiliki, na wanakili wakajichotea huko bila kumlipa, kwa hiyo alijua anachokilinda. Na huyu ndiye mwanamke aliyekaa miaka anachora uyoga kwa usahihi mpaka makala yake ikapelekwa Linnean Society, chama cha wanasayansi wa viumbe cha London, mwaka 1897. Sungura wake amevaa koti la bluu, lakini toa koti uone: mgongo ni wa sungura, paja ni la sungura, anasimama jinsi sungura anavyoweza kusimama. Kwa hiyo kama unasaini leo, uliza habari za bidhaa, uliza kitabu kikiacha kuchapwa haki zinarudi kwako lini, na michoro halisi ya mkono ibaki yako. Mhariri mzuri hachukii maswali hayo, wengine hata wanakuheshimu zaidi.

Baada ya yule binti wa vidole nilianzisha utaratibu, kila mhusika anapata karatasi yake kabla sijagusa kitabu. Mbele, nyuma, upande, akicheka, akilia, amelala. Urefu wake ukipimwa kwa mlango na kwa mhusika mwingine. Jino gani limevunjika, upande gani. Vidole: vitano, na namba nimeiandika kubwa na kuizungushia duara. Inachosha. Kuchora uso mmoja mara sitini huku kila mara uwe hai ni kazi ngumu kuliko kubuni nyuso sitini. Tove Jansson wa Finland, yule aliyebuni viumbe wa Moomin, mwaka 1954 alianza kuchora katuni ya kila siku kwenye gazeti la London kwa mkataba wa miaka saba, na kabla miaka haijaisha alikuwa ameshachoka na viumbe wake mwenyewe, kazi ikachukuliwa na kaka yake mdogo Lars aliyeiendeleza mpaka 1975. Namwelewa sana. Kuna wiki nisingependa kuona hilo zimwi la kisimani, alafu naamka siku moja nalikuta limekaa pembeni ya karatasi, limeegemea kwa namna ambayo sikuwahi kuipanga, na tunapatana tena.

Habari za mashine za akili bandia (AI) za kutengeneza picha nitazipitia haraka, maana naulizwa kila siku. Zilipowafikia watu wengi mwaka 2022, jina la Greg Rutkowski, mchoraji wa fantasia kutoka Poland, likawa linaandikwa na maelfu ya watu ili wapate picha zinazofanana na zake, bila yeye kuulizwa, na alilalamika wazi. Mimi naona ni wizi wa jasho na sitabadili hapo. Lakini kinachonisumbua zaidi kuhusu vitabu vya watoto ni kwamba zile picha hakuna aliyemtazama popo. Hakuna aliyejiuliza bega liko wapi. Na watoto wanaozitazama wanahesabu vidole kama kawaida yao.

Rackham aliombwa kuchora The Wind in the Willows, kitabu cha watoto cha wanyama wa kando ya mto, wakati kinatoka mara ya kwanza, 1908, akakataa kwa sababu alikuwa amebanwa na kazi nyingine, na akabaki analijutia hilo kwa miaka. Ombi likarudi mwishoni mwa maisha yake, safari hii kutoka Marekani, na akalichukua, akaja kuimaliza kazi hiyo akiwa na saratani. Alikuwa anachora akiwa kitandani, kwa vipindi vifupi, nguvu zikiisha anapumzika. Picha ya mwisho ilikuwa ya Rat na Mole, wanyama wawili wa kwenye stori, na mashua yao. Ilipokuwa imeshakamilika akagundua mashua haina makasia. Binti yake Barbara akamwambia ni kitu kidogo, hakuna haja. Akakataa, kila kitu lazima kiwe sawa, na kwa tabu kubwa akairudia picha na kuyaweka makasia. Alafu akalala chali, akashukuru kwamba hiyo ndo ya mwisho. Alikufa Septemba 1939, na kitabu kikatoka mwaka uliofuata.

Hilo zimwi la kisimani linachapwa tena. Nilimwandikia mhariri kuhusu kidole, akasema hakuna msomaji mwingine aliyelalamika lakini kama nitawahi kutuma kabla ya mwisho wa mwezi basi wataweka ukurasa mpya. Nimeuchora ule mkono upya wote, maana kidole cha tano hakikuingia kwenye mkono wa zamani, kiganja kilikuwa chembamba mno na ikabidi nianzie kwenye kifundo. Umebaki wino tu.